Kioo janja, na nani amekaa upande wa giza

Ukipita Posta, katikati ya Dar es Salaam, mchana, kwenye yale majengo marefu yenye vioo vya kujiona, lazima umkute mtu kasimama anajiweka sawa, anakunja kola, anapaka mafuta ya mdomo, anageuka upande aone gauni limekaaje nyuma, na muda wote huo ndani kuna watu kwenye viti vyao wanamuona kila anachofanya, yeye hamuoni hata mmoja. Sasa rudi pale pale saa mbili usiku, wa ndani bado wamewasha taa, nje giza. Mambo yamegeuka kabisa, wewe wa barabarani unawaona mpaka vikombe vya chai mezani, na wao wakitazama dirishani wanajiona wenyewe tu. Kioo ni kile kile, hakuna aliyekigusa, kilichobadilika ni upande gani una mwanga.

Nimeanzia hapo kwa sababu hiyo ndo siri nzima ya kioo janja, yaani kioo cha kujitazamia ambacho hapo hapo kinakuonyesha maandishi na picha kama skrini. Aliye kwenye mwanga anajiona, aliye kwenye giza anamuona mwenzake. Ukishalishika hilo, hata usipojua kompyuta, unaweza kukihukumu kioo janja chochote utakachouziwa kwa swali moja tu, kwamba huko nyuma, upande wa giza, wameweka nini?

Kiswahili chetu kiliwahi mapema sana kwenye hii habari. Cha dirishani tunaita kioo, cha kujitazamia tunaita kioo, na simu ikianguka tunasema kioo kimepasuka. Jina moja kwa vitu vitatu. Wenzetu wa lugha zingine inabidi waeleze kwa maneno mengi kwamba kuna kifaa ambacho ni kioo cha dirisha, tena ni kioo cha kujiangalia, tena ni skrini, sisi tunasema kioo tu na imetosha.

Na kioo chenyewe sio kitu kipya. Kioo cha kawaida cha nyumbani kina madini mgongoni, zamani mafundi wa Murano kule Venice walitumia bati na zebaki, sumu tupu, mpaka mjerumani Justus von Liebig mwaka 1835 akaonyesha njia ya kupaka fedha kwa kemikali. Ile fedha ikiwa nene, mwanga wote unarudi. Ukiipunguza ikawa nyembamba sana, sehemu ya mwanga inarudi na sehemu inapenya, na mwaka 1903 kuna jamaa anaitwa Emil Bloch, alikuwa anaishi Cincinnati, Marekani, akapewa hataza, yaani haki ya ugunduzi, ya kioo cha namna hiyo. Vinavyouzwa leo kwa ajili ya kioo janja vingi vinarudisha kama asilimia 70 na kupitisha 30. Hicho ndicho kile cha vyumba vya mahojiano ya polisi. Kwa hiyo kazi ya kwanza iliyokipa umaarufu hiki kioo ilikuwa kumchungulia mtu asiyejua anachunguliwa, hilo tulibebe tutalihitaji mbele.

Sasa kioo janja kinatengenezwaje. Chukua monita, ondoa kava la plastiki, ibandike nyuma ya kile kioo cha fedha nyembamba, zungushia fremu ya mbao, halafu pitisha kwenye monita picha nyeusi tii yenye maandishi meupe. Pale penye weusi monita haitoi mwanga, kwa hiyo nyuma ni giza na wewe unajiona. Pale penye herufi nyeupe mwanga unapenya, na saa, hali ya hewa, ratiba yako vinaonekana kama vinaelea juu ya uso wako. Basi, hakuna kingine.

Aliyewafungulia watu wengi hii njia ni mholanzi Michael Teeuw, mwaka 2014. Alikuwa New York dukani, Macy's, akaona kioo chenye tangazo linalowaka kwa nyuma, akarudi kwao akaunganisha monita ya zamani na Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo kama kadi ya benki iliyotoka 2012 kwa dola 35. Programu yake akaiita MagicMirror, akaiachia bure na msimbo wake wote wazi, watu wa nchi mbalimbali wakaanza kuongezea vipande, huyu kaweka basi za mjini kwao, huyu kaweka nyakati za swala, huyu kaweka matokeo ya mpira. 2016 jarida la MagPi lilipotimiza toleo la 50, wasomaji wakauchagua kuwa mradi namba moja katika 50 bora za Raspberry Pi. Mi naona heshima hiyo alistahili hasa kwa vile hakufunga mlango nyuma yake.

Cha kwangu nilikijenga mwaka juzi, na nitasema yaliyonisumbua kwa sababu video za mtandaoni huwa zinayaruka. Kwanza kioo. Niliona nibane matumizi nikanunua ile stika ya kuakisi ya kubandika, unapaka maji ya sabuni unaikwangua na kipande cha plastiki, nikabandika juu ya kioo cha kawaida. Viputo havikuisha, na kila kiputo taa ikiwaka kinaonekana kama chunusi usoni. Nikahamia plastiki ngumu ya kuakisi, ile akriliki, ya milimita 3, ikapinda katikati kwa joto la monita na uso ukawa unavutika. Mwisho nikaenda kwa fundi aluminiamu anayefunga madirisha ya ofisi, nikamweleza nataka kipande cha kioo kinachoona upande mmoja, alielewa kabla sijamaliza sentensi, akanikatia na kunisugulia kingo. Kilikuwa cheusi kidogo kuliko vile maalumu, lakini nilipozima taa ya nyuma na kuwasha ya mbele kikafanya kazi. Yule fundi hajawahi kusikia kioo janja na fizikia yake anaijua kuliko wengi wanaokiuza.

Pili ni monita. Zile za zamani za LCD zina taa nyuma inayovuja, ukiweka picha nyeusi haiwi nyeusi, inakuwa kijivu, na usiku unaona boksi la kijivu katikati ya kioo. Ukipata yenye paneli ya VA, aina ya LCD inayoizuia vizuri zaidi ile taa, ni afadhali, OLED ndo kiboko maana kila nukta inajizima yenyewe, ila bei yake siishauri kwa mtu anayeanza. Acha matundu juu na chini kwenye fremu, joto lina pa kwenda. Na ukiwa pwani usiweke bafuni, chumvi na unyevu vitakula ile fedha kutoka kingoni, utaona madoa meusi yanatambaa kama ukungu.

Tatu umeme. Hapa ndo wazungu hawaandiki kitu. Raspberry Pi inaishi kwenye memori kadi, umeme ukikatika ghafla wakati inaandika, kadi inaharibika na kioo hakiwaki tena mpaka uanze upya. Mimi imenipata mara mbili. Sasa hivi nimeweka betri ndogo katikati na nakala ya kadi nzima iko kwenye droo. Halafu kuna suala la yuniti, monita ya wati 20 ikikaa inawaka saa 24 inakula karibu nusu yuniti kwa siku, kwa mwezi ni 14 na kitu, na kwa nyumba inayojibana isipite yuniti 75 hiyo ni karibu sehemu moja ya tano, huwezi kuitupa kwa kioo. Ndo maana nikaweka sensa ya mwendo, ile nyeupe yenye kichwa cha duara kama iliyoko kwenye alamu za madukani, inahisi joto la mwili likisogea. Mtu akikaribia skrini inawaka, akiondoka baada ya dakika moja inazima. Inajua kuna mtu, haijui ni nani. Naomba uishike hiyo tofauti.

Sehemu niliyoipenda kuliko zote ni kukifundisha kioo Kiswahili. Salamu zilizokuja na programu ni za kiingereza, za kumsifia mtu kwamba ana mvuto wa kimahaba, huwezi kuweka sebuleni ambapo mama mkwe anapita kwenda kuchukua udhu. Nikazifuta zote nikaandika zangu, za asubuhi, mchana na jioni, ni faili moja tu la maandishi unafungua unabadilisha. Kazi ikaja kwenye saa. Bibi yao watoto hasomi 7:00 akaelewa saa saba, kwake hiyo ni saa moja na ndivyo ilivyo kwetu sote, kwenye simu tumezoea kutafsiri kichwani tu. Nikahangaika kutafuta moduli, yaani kipande cha programu, ya saa ya Kiswahili, mpaka nikagundua haihitajiki. Sisi tuko saa 3 mbele ya Greenwich, Buenos Aires kule Argentina wako saa 3 nyuma, jumla tofauti ni saa 6 kamili, ambayo ndiyo tofauti ya saa ya Kiswahili na ya kizungu. Ukiiambia ile moduli kwamba ipo Buenos Aires, ukachagua mtindo wa saa 12 na kuficha alama za asubuhi na jioni, inakuonyesha saa ya Kiswahili bila kukosea hata dakika. Tahadhari moja, kuanzia saa sita usiku mpaka alfajiri tarehe ya kule bado ni ya jana, kwa hiyo tarehe ichukue kwenye moduli ya pili uliyoiacha Dar es Salaam. Siku ya kwanza bibi aliposimama pale akasoma saa mwenyewe bila kumuuliza mtu, nilifurahi kuliko siku kioo kilipowaka.

Nimeeleza yote hayo kwa urefu ili ionekane wazi kwamba mwenye kioo hiki ni mimi. Nikitaka kubadilisha neno nabadilisha, kikiharibika nakifungua, waifai ikikatika saa inaendelea. Sasa linganisha na vile vya dukani.

Mfano mkubwa ni ule wa Marekani ulioitwa Mirror tu. Ulianzishwa na Brynn Putnam, aliyewahi kuwa mcheza balei New York, ukaingia sokoni 2018. Kioo kirefu cha ukutani, ukikiwasha anatokea mwalimu wa mazoezi ndani yake na wewe unajiona pembeni yake mnafanya pamoja. Wazo zuri sana, sitalibeza. Bei dola 1,495, halafu kila mwezi dola 39 za madarasa. Corona ikafunga jimu, watu wakanunua, na Juni 2020 kampuni ya nguo za mazoezi Lululemon ikatangaza kuinunua kwa dola milioni 500. Jimu zikafunguliwa. Kwenye hesabu za mwaka 2022 Lululemon wakafuta thamani ya zaidi ya dola milioni 400, na 2023 wakasema hawauzi tena hicho kioo, madarasa yatatoka kwa kampuni nyingine ya mazoezi, Peloton. Ukisikia hivyo unaweza kudhani ni habari ya wenye hela na hasara zao. Mimi namfikiria aliyetoboa ukuta wake akafunga kile kioo, ambaye asipolipa kila mwezi kinabaki cha kuchania nywele, na hawezi kukifungua akaweka programu yake humo ndani kwa sababu hakujengwa kwa ajili hiyo. Amenunua mlango ambao funguo zimebaki kwa muuzaji.

Madukani nako vimeingia. 2014 duka la nguo la mbunifu Rebecca Minkoff pale New York, wakishirikiana na eBay, kampuni ya soko la mtandaoni, waliweka vioo kwenye vyumba vya kujaribia nguo, kila nguo ina lebo ya redio, ukiingia nayo kioo kinaitambua, unagusa unaomba saizi nyingine mhudumu anakuletea. Hapo kinachosomwa ni nguo, sawa, sina neno kubwa. Neiman Marcus, maduka makubwa ya Marekani, wao waliweka kioo chenye kamera, unazunguka kinakurekodi, unajiona mgongo na kulinganisha gauni mbili kwa pamoja, hicho kilikuwa nje ya chumba cha kubadilishia na mteja alikuwa anajua. Nacho nakielewa. Halafu kuna HiMirror ya Taiwan, ya mezani, inakupiga picha ya uso kila siku na kukupa alama za mikunjo, vinyweleo na madoa. Hapa ndo nasimama. Kwenye jiji ambalo mkorogo bado unauzwa kwenye vikopo visivyo na lebo, kumuwekea binti kitu kinachomhesabia madoa meusi kila asubuhi kabla hajapiga mswaki, mimi kwangu hakiingii.

Na swali la haya macho ya kioo yamefundishwa kuona sura za nani lina historia yake, na imeanzia kwenye kioo janja chenyewe. Joy Buolamwini, dada mwenye asili ya Ghana, mwaka 2015 akiwa mwanafunzi MIT, chuo cha teknolojia Marekani, alikuwa anatengeneza kioo cha kutia moyo, yaani unajitazama asubuhi na juu ya uso wako inakaa picha ya kitu unachokienzi, simba kwa mfano. Kioo cha fedha nyembamba, skrini nyuma, na kamera ya kufuata uso ili picha ikae sawasawa. Kila kitu kilikuwa tayari ila programu ya kamera haikumuona. Alikaa pale mbele, mtu mzima, kwenye mwanga, haikumuona. Akavaa barakoa nyeupe, ikamuona papo hapo. Barakoa ya plastiki haina macho wala pumzi, kwa ile programu ilikuwa na uso kuliko yeye aliyeijenga.

Hakuishia kulalamika. 2018 yeye na Timnit Gebru, mzaliwa wa Ethiopia, walitoa utafiti wakipima programu za IBM, Microsoft na Face++ ya China zinavyotambua jinsia kwa kutazama uso, wakitumia picha za wabunge 1,270, na baadhi yao ni wabunge wa Rwanda, majirani zetu kabisa, wengine Senegal na Afrika Kusini, na upande wa pili Iceland, Finland na Sweden. Kwa wanaume weupe makosa hayakuvuka asilimia 0.8. Kwa wanawake weusi yalifika asilimia 34.7. Baada ya hapo kampuni zilirekebisha, na hilo liandikwe pia, lakini zilirekebisha kwa sababu kuna waliopima wakatangaza majina. Kioo cha dukani kinacholetwa kwenye kontena bila mtu yeyote kukipima kwa nyuso za Temeke au Kisumu, nani atakitangaza?

Watu wananiambia siku hizi kuna sheria. Ni kweli, Kenya wana sheria ya kulinda data tangu 2019, Tanzania tulitunga ya kwetu 2022, na zote zinautambua uso wako kama taarifa yako binafsi. Nafurahi zipo. Lakini sheria inaanza kufanya kazi pale unapojua umepigwa picha, na kifaa hiki kwa maumbile yake kinaficha kilicho nyuma. Kamera ya barabarani unaiona kwenye nguzo, ya simu unaiona ikielekezwa kwako. Ya nyuma ya kioo huioni, na mahali unapokaa mbele ya kioo ndo mahali unapovua.

Kwa hiyo acha niseme la manufaa kwa dada zangu hasa, maana kuna ujumbe unazunguka WhatsApp kila mwaka kwamba weka kucha kwenye kioo, ikigusana na kivuli chake basi kioo kinaona pande mbili. Usiutegemee huo. Kugusana kwa kucha kunategemea fedha imepakwa mbele au nyuma ya kioo, hakukwambii kama kuna mtu au kamera upande wa pili. Rudi kwenye lile dirisha la Posta. Zima taa ya chumba, washa tochi ya simu iegeshe kwenye kioo kabisa, zungushia viganja pembeni ya macho uzuie mwanga wa nje, chungulia. Kama nyuma kuna nafasi utaiona, kwa sababu umewapelekea wao mwanga na giza umelichukua wewe. Kama kimegandishwa ukutani na nyuma ni tofali, utaona fedha na uso wako tu. Nyumba za wageni, saluni, maduka ya nguo, inachukua nusu dakika.

Mama mmoja mwenye saluni mtaani kwetu alikiona cha kwangu akataka cha kwake. Alitaka vitu vitatu, bei za misuko, namba ya anayefuata ili wateja wasigombane, na cha tatu kamera inayompa mteja mtindo wa nywele kichwani kabla hajasukwa. Viwili vya kwanza nilimjibu palepale. Cha tatu tulikaa naye jioni tukajaribu kwanza kwenye simu yake, tukashusha apu ya bure ya kujaribisha mitindo. Kwake yeye, aliye maji ya kunde, ilikaa vizuri. Kwa msichana wake wa kazi, mweusi wa kupendeza, rasta zilikaa kwenye bega, zikaruka zikakaa kwenye dryer ya nyuma yake, mpaka akasogea mlangoni penye mwanga wa jua la mwisho. Yule binti akacheka kidogo, akarudisha simu mezani akaendelea kufagia nywele. Mama akanyamaza, kisha akaniambia basi Baba Salma, niwekee bei na foleni. Jumamosi nakwenda kupima ukuta.